SOMO: UCHOVU WA KAZI

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili tatu za uchovu wa kazi: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni, na kazi yenyewe kupungua ubora.

Kwanza, tumtazame kiongozi. Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwagomea mameneja waliowadharau. Hakika, dharau huchosha kuliko mzigo.

Pili, tabia ya mfanyakazi. Nilipokuwa mkufunzi, mwenzetu mmoja hakujua kukataa kazi. Mkuu alimwongezea kila mara, maana halalamiki. Mwaka wa tatu akaacha hata kusahihisha madaftari. Tulimwita mvivu. Leo nakiri tulimkosea; tungemwuliza hali mapema.

Mkulima mzuri hapa Babati humjua maksai anayevuta hata akiwa amechoka, naye humfungua mapema. Kiongozi na afanye vivyo hivyo: asingoje mnyamavu alalamike.

Swali la kujadili: Kazini kwako, ni nani anayeongezewa mzigo kwa sababu tu hasemi?