Hadithi za Wayunani Nyumbani Mwetu



Wako wazazi wanaouliza kama ni halali katika nyumba ya Kikristo kuwasomea watoto hadithi za miungu ya Wayunani. Fungueni kwanza Matendo 14. Watu wa Listra walipoona kiwete anatembea, walimwita Barnaba Zeu, na Paulo wakamwita Herme. Mtoto asiyejua Zeu ni nani hawezi kuelewa kwa nini mitume walirarua mavazi yao. Tena katika Kanisa letu jambo hili si geni. Charles Kingsley, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, aliwaandikia watoto wake watatu hadithi za Perseus, Jason na Theseus katika kitabu kilichotoka mwaka 1856, na mwaka 1889 kikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mashujaa.

Basi uhalali si shida. Shida ni kwamba jioni, juu ya mkeka mmoja, yuko mtoto wa miaka minne, wa minane, na wa kumi na minne. Sisi tunashauri msiwatenge. Bibi zetu hawakuwa na hadithi ya kila umri; kila mmoja alichukua kiasi alichoweza, na mdogo alisinzia katikati.

Tuchukue hadithi ya Phaethon, ambayo mtoto wa Tunduma ataishika upesi kuliko mtoto wa London. Phaethon alikuwa mwana wa Jua, lakini alilelewa na mama yake, na mwenzake alimdhihaki kwamba baba huyo ni wa kubuni tu. Akafunga safari kwenda kumwona. Baba kwa furaha akaapa kumpa lo lote atakaloomba. Kijana akaomba kuliendesha gari la Jua siku moja. Baba akamsihi aombe jingine, asikubali, na kiapo kimekwisha kutoka. Farasi walipohisi mikono myepesi wakaacha njia, nchi ikaungua, na mfalme wa miungu akampiga kijana kwa radi, akaanguka katika mto Eridanus.

Kwetu, ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde, nani hajamwona utingo anayetamani usukani?

Mdogo mpeni farasi na kelele zao. Na awe farasi mwenyewe akipenda. Wa miaka minane atauliza kwa nini baba aliapa kabla ya kusikia ombi. Msijibu haraka. Msomeeni Marko 6, Herode na binti wa Herodia, kisha mwacheni alinganishe mwenyewe. (Na sisi akina baba tunaokaa safarini majuma mengi, tukirudi tunaahidi cho chote ili tusamehewe, tusikilize pia.)

Kwa mkubwa iko sehemu ngumu. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeishi zama za kuzaliwa kwake Bwana wetu, anaandika kwamba siku ile ya moto ndipo Waethiopia, yaani watu weusi wa kusini ya Misri, walipopata rangi yao. Mtoto wa darasa la saba atasimama hapo, na pengine atanyamaza. Msiruke ukurasa huo, maana atausoma peke yake siku nyingine bila mtu wa kumwuliza.

Mwonyesheni kwamba Ovid mwenyewe hasemi aliona. Anasema watu wanaamini hivyo. Mwambieni pia kwamba Homer, aliyemtangulia kwa karne nyingi, huwaita Waethiopia watu wasio na lawama, na miungu yake husafiri mpaka kwao kula karamu. Kwa hiyo watu wa kale hawakuwa na neno moja juu yetu. Kisha mwulizeni: kwa nini Mrumi huyu aliona rangi ya wengine ndiyo inayohitaji kuelezwa ilikotoka, na yake hakuiulizia? Mwacheni atunge hadithi yake juu ya jinsi Warumi walivyopauka. Wadogo watacheka sana, na mkubwa atakuwa amejibu mwenyewe.

Asiye na kitabu na asimulie kwa mdomo. Hadithi hizi zilisimuliwa hivyo kabla hazijaandikwa. Ile ya Medea, aliyewaua wanawe, ngojeni mpaka wadogo wamelala.