Walinzi wa Mapafu: Makrofaji na Kifua Kikuu



Wapendwa wasomaji, hapa Dodoma kiangazi huja na upepo na vumbi, na kikohozi huonekana jambo la kawaida. "Ni vumbi tu," twaambiana. Mara nyingi ni kweli. Lakini pengine ni kifua kikuu, na kuchelewa kujua hugharimu uhai. Tutazame basi kinachotokea ndani ya mapafu.

Makrofaji ni nini?

Ni seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu. Jina lake limetoka katika Kigiriki, maana yake "mlaji mkubwa". Mwaka 1882 Élie Metchnikoff alichoma mwiba ndani ya kiumbe mdogo wa baharini, akaona seli zikiuzingira. Mwaka huohuo Robert Koch alitangaza kumgundua bakteria wa kifua kikuu. Katika mapafu, makrofaji hukaa ndani ya vifuko vidogo vya hewa, zikifagia kila kinachoingia.

Mlinzi anapotekwa

Bakteria wa kifua kikuu akivutwa pamoja na hewa, humezwa na makrofaji. Kwa kawaida kilichomezwa huyeyushwa kwa vimeng'enya. Bakteria huyu huizuia hatua hiyo, akaishi na kuzaana ndani ya seli iliyopaswa kumwua. Seli nyingine huja, zikamjengea ukuta. Wengi walioambukizwa hubaki hivyo bila kuugua. Kinga ikishuka, kwa mfano kwa VVU, utapiamlo au kisukari, ukuta hubomoka na ugonjwa huzuka. Moshi wa kuni na wa sigara hudhoofisha walinzi hawa. Vumbi la mawe lenye silika huwaua, ndiyo maana wachimbaji madini wamo hatarini zaidi.

Tunajifunza nini?

Katika falsafa, Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, hutufundisha kwamba mwanadamu ni roho na mwili katika umoja. Kwa hiyo kumwombea mgonjwa na kumsindikiza kupima ni upendo uleule mmoja. Inatuuma kuona mgonjwa akitengwa, kikombe chake kikiwekwa kando, au akisemwa kuwa amerogwa. Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa vyombo wala kwa kushikana mikono. Na mgonjwa akitumia dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana ndani ya wiki chache.

Tufanye haya:

1. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, akapimwe makohozi.
2. Aliyeanza dawa azimalize, kwa kawaida miezi sita, hata akijisikia amepona. Vituo vya serikali hutoa dawa hizo bure.
3. Tunaposali jumuiya, tufungue madirisha.

Swali la jumuiya: ni nani kati yetu anayekohoa kwa muda mrefu, na nani atamsindikiza wiki hii?