Somo la Ufundi: Pikipiki Ikikataa Kuwaka

Katika somo hili tutajifunza namna ya kutafuta ugonjwa wa pikipiki ya zamani isiyowaka. Mfano wetu ni BSA M20, pikipiki ya Kiingereza iliyoundwa Birmingham kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955. Ina silinda moja yenye ujazo wa sentimeta 496 za ujazo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza yalipewa zaidi ya 120,000. Mashine yake si ya fumbo, na kila kiungo huonekana kwa macho. Kwa hiyo ni mwalimu mwema kwa mwanafunzi.

Tuseme mzee mmoja hapa Rohero anayo pikipiki ya namna hiyo, nayo imelala ghalani miaka mingi. Vijana wanne wamepokezana kupiga kiki mpaka jasho limewatoka, wala haikohoi. Mmoja asema ni plagi, wa pili asema ni kabureta, wa tatu ameshika spana na kuanza kufungua kila kitu. Je, wakifungua vitu vitatu pamoja na pikipiki ikawaka, watajua ni kipi kilichokuwa kibovu? Hawatajua. Na isipowaka, huenda wameongeza ubovu mpya juu ya ule wa zamani. Daktari mwema haanzi kwa sindano. Huanza kwa kuuliza.

Kuna sababu nyingine ya kwenda kwa utaratibu. Katika miaka hii ya 2020 Burundi imeona vipindi virefu vya uhaba wa petroli. Mtu aliyepanga foleni kwa ajili ya lita mbili hapendi kuona zikimwagwa chini na wanaobahatisha.

Mambo manne

Mashine ya petroli huhitaji mambo manne ili iwake: cheche ya umeme, petroli iliyochanganyika na hewa, silinda inayobana hewa vizuri, na cheche kutokea kwa wakati wake. Likikosekana moja, matatu mengine ni bure. Kazi yetu ni kuuliza ni lipi lililokosekana.

Kabla ya yote tazama mambo madogo. Je, bomba la petroli limefunguliwa? Je, waya wa plagi umeshika? Kisha rudisha nyuma wenzo wa kuchelewesha cheche. Cheche ikiwahi mno, kiki hurudi kwa nguvu na yaweza kuvunja mguu.

Plagi ni shahidi

Piga kiki mara kumi, kisha fungua plagi (wengi wetu huiita bujia) uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika, na yatupasa kushuku cheche kwanza. Hivyo kwa dakika mbili tu tumepunguza kazi yetu kwa nusu.

Kuipima cheche

Jambo hili lina hatari, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kulifanya. Funga bomba la petroli. Peleka dumu mbali, futa petroli iliyomwagika, wala pasiwe na sigara. Ziba tundu la plagi kwa kitambaa, maana mvuke hutoka humo. Rudisha plagi katika waya wake, uilaze juu ya chuma cha silinda, mbali na tundu. Usiishike chuma kwa mkono. Sasa mwenzako apige kiki.

M20 haihitaji betri ili kutoa cheche. Ina magneto: waya mwembamba uliosukwa mara nyingi huzunguka kati ya ncha za sumaku na kuzaa umeme. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia. Ikiwa haipo, jaribu kwanza plagi nyingine iliyo nzima. Pengo la plagi liwe nusu milimita hivi, yaani unene wa karatasi tano za daftari. Halafu tazama platini: zisiwe na kutu wala mafuta, na zikifunguka pengo liwe milimita 0.30, yaani karatasi tatu. Aghalabu pikipiki iliyolala muda mrefu huponea hapo.

Ikiwa huwaka ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto, mara nyingi ugonjwa umo ndani ya magneto, katika kondensa au katika kinga ya waya, ambayo huharibika kwa joto na unyevu. Hiyo si kazi ya mwanafunzi. Mpelekee fundi anayejua kusuka waya.

Kuichunguza petroli

Ikiwa plagi ilikuwa kavu, fuata njia ya petroli kutoka tangini. Je, inatiririka kwenye mpira? Ikitiririka, tatizo limo katika kabureta, na aghalabu ni kitundu chembamba kilichozibwa na uchafu. Kizibue kwa kupuliza. Usikichokoe kwa waya, maana ukikipanua umekiharibu.

Petroli yenyewe yaweza kuwa mbovu. Ile iliyokaa dumuni miezi mingi hunuka kama vanishi. Tia kidogo katika chupa ya kioo uiache itulie: maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini, nawe utaona mstari.

Wengine husema, “Hewa ya kwetu ni nyepesi kwa kuwa tuko juu.” Bujumbura iko mita 774 hivi juu ya bahari. Ni kweli kwamba hewa ni pungufu kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini upungufu huo hauwezi kuizuia mashine nzima isiwake.

Hewa na wakati

Ikiwa cheche ipo na petroli ipo, rudisha plagi na ukanyage kiki polepole. Mguu usipopata upinzani wowote, silinda haibani; pengine valvu imekwama baada ya kulala muda mrefu. Upinzani ukiwapo, basi limebaki jambo la nne: platini zianze kufunguka pistoni inapokaribia juu kabisa, katika mzunguko wa kubana hewa.

Kumbuka kanuni hii: badili kitu kimoja, jaribu, andika ulichoona, ndipo uende kwa kingine. Kanuni hii haifai kwa pikipiki tu. Redio iliyonyamaza, pampu isiyovuta maji, hata hesabu isiyotoka, huchunguzwa vivyo hivyo.

Maswali

1. Plagi imelowa, na cheche ni ya buluu. Utachunguza nini sasa?
2. Kwa nini tunaziba tundu la plagi tunapopima cheche?
3. Juma alibadili plagi na kusafisha kabureta kwa pamoja, pikipiki ikawaka. Kesho yake ikakataa tena. Ni jambo gani ambalo Juma hawezi kulijua, na kwa nini?