MAHINDI YENYE UKUNGU: USILE, USIUZE



Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Watafiti walikuta kuwa waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani waliugua zaidi.

Sumu hii hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zenye unyevu. Huharibu ini. Dalili zake ni kutapika, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya njano. Ukiziona, wahi hospitali. Ugali haujasalimika kwa kuiva. Moto wa jikoni hauiondoi.

Basi fanya haya:
1. Anika juu ya turubai au mkeka, si kwenye udongo mtupu.
2. Pima ukavu: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani.
3. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.
4. Chagua na utupe punje zilizooza. Usimpe ng'ombe, sumu huingia kwenye maziwa.

Utasema, "Gunia zima nitupe? Si bora niuze?" Kumbuka, Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta majimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuficha aibu ile. Hasara ya gunia hulipika. Ini la mtoto wa mwenzio halilipiki.

Wabillahi tawfiq.