Zuia programu yenyewe, achana na poti

Jioni wanafunzi wanaporudi bwenini, mtandao wa chuo ninaouhudumia huelemewa. Mhadhiri anataka kupakia mtihani, ukurasa haufunguki, kumbe kasi yote imeliwa na torenti. Wengi hukimbilia kufunga poti 6881 hadi 6889 zilizozoeleka kwa BitTorrent. Haisaidii, kwa sababu programu za torenti za leo huhamia poti yoyote, hata 443 inayotumiwa na benki na barua pepe. Hiyo nani ataifunga?

Ndiyo maana nasisitiza fayawoli inayotambua programu, mfano FortiGate au Palo Alto. Yenyewe hutazama mazungumzo yanavyoendeshwa, poti iwe yoyote. BitTorrent isiyosimbwa huanza salamu yake kwa baiti yenye thamani ya 19, kisha maneno "BitTorrent protocol", hapo imeshajitambulisha. Kwenye HTTPS, fayawoli husoma jina la tovuti ambalo kwa kawaida kifaa hulitaja kabla usimbaji haujaanza. Chuo kisicho na bajeti kinaweza kutumia pfSense yenye Snort na kuwasha OpenAppID, mfumo huria uliotolewa na Cisco mwaka 2014.

Usianze kwa kuzuia. Weka makundi yote ya programu kwenye hali ya kufuatilia tu, uzisome logi kwa siku za kazi na za mapumziko. Ukifunga kundi zima la mitandao ya kijamii kwa pupa, unaweza kukata na WhatsApp ambamo madarasa hugawana notisi. Mimi huzuia torenti kabisa, lakini video huzipunguzia kasi tu, maana YouTube ina mihadhara mizuri mno na sioni haki ya kumnyima mwanafunzi.

Halafu kuna QUIC, itifaki ya kusafirisha data ya wavuti, na hapa ndipo kanuni nyingi huvuja. Vivinjari kama Chrome huitumia kupitia UDP 443, na fayawoli nyingi haziwezi kuichunguza vizuri. Izuie. Kivinjari kitarudi chenyewe kwenye TCP, na mtumiaji kwa kawaida hatagundua lolote.

Zuia pia VPN za bure, kwani ndiyo njia ya kwanza mwanafunzi atakayoijaribu. Kama walimu wanahitaji VPN ya kazi, kanuni yao ikae juu ya ile ya kuzuia: fayawoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kuishia kwenye ya kwanza inayolingana.

Ukishahifadhi kanuni hizi, futa miunganisho iliyokuwa wazi. Upakuaji ulioanza kabla ya kanuni mpya unaweza kuendelea hadi ukamilike, ukadhani umekosea mahali.

Na ada ya masasisho ya saini, yaani alama ambazo fayawoli hutambulia programu, iingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka. Programu hubadilisha tabia mara kwa mara, na saini za zamani zitaacha kuzitambua bila onyo lolote kwenye skrini yako.