Mwaka wa kwanza chuoni: ushauri kwa wadogo zangu wa Matongo

Majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, simu yangu haitulii. Anapiga shangazi wa Nyangoto, anapiga kijana wa Nyabichune, anapiga mama niliyesali naye kanisa moja. Swali lao ni lilelile: mtoto amepata chuo, sasa tufanyeje? Nimelijibu kwa simu mara nyingi, na leo naliandika ili kila anayelihitaji alipate.

Mdogo wangu, jambo kubwa ni hili: chuoni hakuna anayekufuata. Sekondari kulikuwa na kengele na mwalimu wa zamu. JKT, iwe Rwamkoma au kambi nyingine, uliamshwa kwa filimbi. Matongo penyewe ukionekana mnadani siku ya shule, habari inafika nyumbani kabla yako. Chuoni unaweza kulala wiki nzima bila kuingia darasani na mlango wako usigongwe. Ratiba utaifuata mwenyewe, mhadhiri utamfuata mwenyewe, na ofisi pia. Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzangu niliowaona wakikwama mwaka wa kwanza walikuwa na akili za kutosha. Walikuwa wanasubiri kufuatwa.

Kabla hujapanda basi

Kusanya nyaraka zako sasa: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, namba ya NIDA, barua ya udahili na fomu ya afya iliyojazwa hospitali. Sisi ni watu wa mpakani, na maswali ya uraia huweza kuchukua muda, kwa hiyo suala la NIDA usiliache hadi wiki ya mwisho. Toa nakala kadhaa, kisha piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe. Begi likipotea njiani, nyaraka zako zitakuwa bado zipo.

Kama umechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa na TCU.

Kaa na wazazi mzungumze fedha kwa namba. Hata kama umepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, fedha ya kujikimu, ambayo chuoni huitwa bumu, haikusubiri getini siku unayofika. Usajili wako lazima ukamilike kwanza, majina yahakikiwe, usaini, ndipo iingie. Ondoka na fedha ya kula ya mwezi mzima, na mzee aambiwe mapema, kwa sababu ng'ombe anayeuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

Wiki ya kwanza: kamilisha usajili

Ada na michango yote hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni na anajua Kikurya. Wapigaji wanaijua sana wiki hii. Kama huna bima ya afya, mwanafunzi ana mchango wake wa mwaka NHIF. Lipa, kwa sababu homa haingoji bumu.

Usiondoke kwenye mfumo mpaka uone usajili wako umekamilika na kozi zako zote zimeorodheshwa. Mwanafunzi asiyesajiliwa anaweza kuhudhuria muhula mzima na bado akakosa mtihani.

Wiki ya maelekezo wengi huiona kama ya kutembea. Ihudhurie. Jua maktaba ilipo, zahanati ilipo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi na dawati la mikopo. Ukiwa mzima unapajua mahali kwa dakika kumi. Ukiwa na shida panakuwa mbali.

Chumba

Vitanda vya chuo havitoshi watu wote. Mlimani kuna mabweni ya ndani, kuna Mabibo, na kuna yale yaliyofunguliwa mwaka 2017 yanayojulikana kama hosteli za Magufuli. Hata hivyo kila mwaka wapo wanaokosa. Omba siku mfumo unapofunguliwa.

Ukikosa, utasikia habari ya kubebana, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako aliyepata. Ni msaada mkubwa, lakini ni kinyume cha taratibu za mabweni na huchosha urafiki haraka. Uwe wa siku chache wakati unatafuta chumba mtaani. Changanyikeni na Msewe ni jirani na chuo, na vyumba vya kushirikiana vinapatikana. Kakione chumba mchana na uulize maji yanatoka lini, LUKU mnachangiaje na kodi ni ya miezi mingapi. Waulize wapangaji waliomo kuhusu usalama wa njia usiku. Wao watakwambia ambayo dalali hakwambii.

Bumu

Hapa naomba unisikilize kama mtoto wa huku kwetu Nyamongo. Sote tumekua tukiona fedha za dhahabu na za fidia zikiingia kwa mkupuo. Mtu anapata mamilioni asubuhi, jioni baa nzima inamjua kwa jina, na baada ya miezi michache anakopa unga. Bumu nalo huingia kwa mkupuo, na linakwenda njia ileile usipoligawa siku lilipoingia.

Tufanye hesabu. Aliyepangiwa fedha yote ya chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 60 atapata 600,000. Toa kwanza vitu visivyokwepeka: kodi au kitanda, nakala za kusomea, nauli. Tuseme ni 150,000. Zinabaki 450,000. Zigawe kwa wiki tisa, ingawa siku 60 hazifiki wiki tisa, kwa sababu bumu huchelewa. Unapata 50,000 kwa wiki. Hiyo ndiyo ihamie kwenye simu yako kila Jumatatu, na nyingine ibaki benki. Kwa fedha hiyo ya wiki kula kwa mama lishe, na mkiwa wawili au watatu pikeni pamoja.

Kubeti, acha kabisa. Mikopo ya kwenye simu na ile ya kausha damu, usiiguse. Na ukumbuke kwamba bumu lenyewe ni deni: ukiajiriwa, Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako hadi liishe. Kila shilingi unayotapanya leo utailipa ukiwa na watoto.

Nyumbani pia watakupigia. Wapo wanaoamini kuwa mtu wa chuo tayari ana fedha. Mweleze mama kiasi unachopata kwa wiki na matumizi yake. Mzazi anayejua hesabu yako atakuwa wa kwanza kukutetea mbele ya ukoo.

Darasani

Kwa alama, vyuo vyetu vingi hukupima kwa kazi za muhula, mara nyingi 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho, UE, 60. Maana yake testi ya wiki ya sita unayoichukulia kuwa ndogo imebeba sehemu ya shahada yako. Mwanafunzi aliyekusanya 30 kati ya 40 anaingia UE akiwa ametulia. Aliyekusanya 14 anaingia akiomba.

GPA huhesabiwa kwa 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu huanzia 3.5, na hilo la pili la juu ndilo linaloulizwa mara nyingi kwenye ajira na masomo ya juu. Sasa ona: ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.5 kwenye shahada ya miaka mitatu yenye uzito sawa, utahitaji 4.0 miaka yote miwili iliyobaki ili ufike 3.5. Inawezekana, lakini ni kupanda mlima ambao haukuwa wako. Anayekwambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira hakusaidii.

Chukua mpango wa kozi siku ya kwanza na uandike tarehe za testi zote kwenye karatasi moja, uibandike ukutani. Madesa, yaani nakala za masomo na mitihani ya waliotangulia, yatakusaidia kujua maswali huja vipi, ila yasichukue nafasi ya kitabu na kipindi. Tafuta watu wanne au watano wa kupiga nao msuli, wenye nia moja na wewe, mkutane siku ileile kila wiki. Kila mmoja afundishe sehemu yake, kwa sababu usichoweza kumweleza mwenzako hujakielewa. Na usikae mbali na CR, yaani mwakilishi wa darasa, kwani mabadiliko ya ratiba humfikia yeye kwanza.

Lugha na watu

Mihadhara ni Kiingereza, na baadhi ya wenzako wamekizungumza tangu chekechea. Usinyamaze muhula mzima kwa sababu yao. Nilijiwekea utaratibu wa kuandaa swali moja kabla ya kila semina na kuliuliza mapema, kabla hofu haijakaa. Baada ya muda swali la pili lilikuja bila kuandaliwa. Soma kwa sauti chumbani, andika kila siku, na ukishindwa kuelewa mfuate mhadhiri ofisini saa alizotangaza. Wengi hupokea vizuri mwanafunzi aliyekuja na swali lililoandikwa.

Lafudhi yako haina kasoro. Watakuita mura, watasema Wakurya ni wakali, watauliza kama unakwenda jeshini. Ukiweza kucheka, cheka. Ikizidi, mwambie mhusika kwa utulivu kwamba hupendi. Usikubali kuishi kama ile picha waliyonayo, kwa sababu ugomvi mmoja wa bwenini unaweza kukupeleka kamati ya nidhamu na kukusimamisha masomo.

Tafuteni watu wa nyumbani. Mwalimu Nyerere wa Butiama alipokuwa Makerere kuanzia mwaka 1943, alishiriki kuanzisha chama cha Watanganyika waliokuwa wakisoma pale. Umoja wa wanafunzi wa Mara ukiwapo chuoni kwako, jiunge; usipokuwapo, uanzisheni. Lakini urafiki usiishie hapo. Kaa chumba kimoja na Mmakonde, soma na Mpemba, kula na Mhaya. Hao ndio nchi utakayofanya kazi ndani yake.

Kwa wasichana, na kwa wavulana pia

Mtu yeyote mwenye madaraka akidai mapenzi ili akupe alama, chumba au nafasi ya mafunzo kwa vitendo, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja. Hifadhi ujumbe wote, andika tarehe, mwambie mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia au mshauri wa wanafunzi, au piga 113 ya TAKUKURU. Wewe si wa kuona aibu. Mwenye kosa ni yeye.

Na kama likizoni ukoo unaanza kuzungumzia ng'ombe wa mahari, zungumza mapema na mzazi anayekuunga mkono. Shahada ni ya miaka michache tu, na wachumba hawataisha.

Ukikwama

Utapata sapu, yaani kufeli somo na kutakiwa kurudia mtihani, utaumwa, utafiwa, ada itachelewa. Yote haya yana utaratibu: kuna mtihani wa marudio, kuna kuahirisha masomo, kuna kuomba muda wa kulipa. Tatizo ni kwamba kila utaratibu una tarehe yake ya mwisho, na anayeondoka kimya kurudi Matongo huhesabika kuwa ameacha masomo. Nimeona mtu akinusurika kudisko, yaani kuondolewa masomoni, kwa barua moja iliyoandikwa kwa wakati ikiwa na cheti cha hospitali. Andika barua, ipeleke mwenyewe, omba nakala igongwe muhuri, kisha rudi kuulizia jibu.

Wiki hii, basi, kabla hujaagana na mtu, fanya mambo matatu: hakiki nyaraka zako, kaa na wazazi mpige hesabu ya mwezi wa kwanza, na umtafute mwanafunzi mmoja aliyeko chuo unachokwenda, uandike namba yake. Akikujibu, muulize yote. Mwakani kutakuwa na mtoto mwingine wa Matongo mwenye maswali hayohayo, nawe uwe wa kwanza kupokea simu yake.