Nani Yuko Nyuma ya Mradi wa Upepo?
Somo la vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni



Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni. Mmoja asome, na wengine wamsimamishe pale penye swali. Kama halimaliziki siku moja, si neno, litangoja mkutano mwingine.

Tuanze na mambo yetu wenyewe. Tuseme kikundi chenu cha mwethya kimechanga pesa za matangi ya maji. Kamati inaketi kuchagua duka. Mweka hazina anasifu duka moja pale sokoni, anasema bei ni nzuri na tusipoteze wakati. Matangi yananunuliwa. Baada ya mwezi mnasikia kumbe duka ni la mke wake. Labda matangi ni mazuri, labda hata bei ilikuwa ya haki. Lakini mtu mliyemweka upande wa mnunuzi alikuwa pia upande wa muuzaji, nanyi hamkujua. Jambo hilo ndilo sheria inaita mgongano wa maslahi. Kumbukeni kwamba kosa halikuanzia kwenye matangi. Lilianza pale alipoketi katika kamati akanyamaza.

Sasa wekeni mheshimiwa mahali pa mweka hazina, na mahali pa matangi wekeni stima.

Upepo unakuwaje mali?

Wengi wetu tunafikiri upepo ni wa bure. Ni kweli, ila mahali unapovuma vizuri ni pachache. Nguvu ya upepo haiongezeki kidogo kidogo. Mwendo wake ukiwa mara mbili, nguvu inayopatikana ni mara nane. Kwa hiyo mlima mmoja unaweza kuwa mali kubwa, na mlima wa jirani usifae kitu. Ndiyo maana kampuni husimamisha kwanza mlingoti mrefu wa kupima, na hupima kwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuamua.

Fikirini jambo hilo polepole. Katika mwaka huo wa kupima, kuna watu wachache wanaojua kwamba mlima fulani ni mali, na kuna wengi wanaoulisha mbuzi bila habari. Anayejua mapema anaweza kununua au kukodi kwa bei ya malisho. Na nani hujua mapema? Ni yule ambaye barua ya kuomba kibali imepita mezani kwake.

Baada ya ardhi inakuja bei. Kampuni ya upepo haituuzii sisi moja kwa moja, inauzia Kenya Power kwa mkataba wa miaka mingi, mara nyingi 20. Bei hiyo hutegemea sera ya serikali. Mwaka 2008 serikali ilitoa sera ya kununua umeme wa upepo kwa bei iliyopangwa, senti 9 za dola kwa kila uniti, na mwaka 2010 ikaipandisha hadi senti 12. Sisemi ilipandishwa kwa hila, kwa sababu wawekezaji walikuwa wachache na nchi ilihitaji stima. Lakini oneni mstari mmoja wa sera unavyoweza kubeba pesa nyingi kuliko tenda yoyote ya barabara. Sera hiyo ilikuwa na tundu lingine pia. Kampuni iliyopewa kibali cha mahali iliweza kukaa nacho bila kujenga, na walioomba vibali walikuwa wengi kuliko waliosimamisha hata mtambo mmoja. Kibali chenyewe kikawa bidhaa ya kuuziwa mwenye mtaji. Mwaka 2021 serikali ilitoa sera mpya ya mnada, ili miradi mikubwa ya upepo na jua ishindanie bei.

Jambo la tatu ni malipo ya lazima, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo mwananchi huumia bila kujua.

Marsabit: stima iliyolipiwa bila kutumika

Mradi mkubwa wa upepo katika Kenya uko karibu na Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, Marsabit. Una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa imesimamishwa mwaka 2017, lakini laini ya kupeleka stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa kazi ya serikali, na haikuwa tayari. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ya laini ilifilisika. Laini ilikamilika Septemba 2018. Katika muda huo mitambo ilisimama jangwani, na kwa kuwa mkataba ulisema stima ilipwe hata kama serikali imeshindwa kuichukua, umma ulibebeshwa mabilioni ya shilingi. Rais Uhuru Kenyatta alifungua mradi rasmi Julai 2019.

Mikataba ya namna hii ina sababu zake. Benki haikopeshi mtu anayejenga jangwani bila kuahidiwa kwamba atalipwa. Lakini aliyeahidi kwa niaba yetu alipaswa kuwa mtu asiye na kitu chake upande wa pili. Sheria haikuwapa wananchi wa kawaida njia rahisi ya kuhakikisha hivyo, na mikataba yenyewe ilifungiwa.

Na ardhi? Kabla ya Katiba ya 2010, kaunti kaunsili ya Marsabit ilikuwa ikishika ardhi ya jamii kwa amana. Kampuni ikapewa ekari 150,000. Wafugaji walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki zilipatikana bila kufuata sheria. Fikirini, mitambo ilikuwa inazunguka tayari, na ndipo mahakama inasema karatasi za ardhi hazikuwa sawa. Madiwani wachache walikuwa wameamua mambo ya vizazi.

Kule Kinangop, Nyandarua, mambo yalikwenda kinyume. Mradi wa megawati 60.8 ulipingwa na wakulima kwa sababu ya ardhi, fidia na hofu ya afya. Maandamano yalileta kifo, na Februari 2016 mradi ukaachwa. Kwa maoni yangu, pale ambapo watu hawajui nani anamiliki nini, uvumi hujaza nafasi, na mwanasiasa yeyote anaweza kuutumia, awe anautaka mradi au anaupinga.

Na sisi wa Mui?

Mtasema: hayo ni ya Marsabit, hapa Ukambani tumesikia makaa ya mawe tu. Ni kweli, lakini makaa na upepo hugombea soko moja. Serikali ikishaahidi kununua stima ya makaa kwa miaka mingi, nafasi ya kununua ya upepo na jua inapungua. Mradi wa Lamu wa megawati 1,050 ulipangwa kuanza na makaa ya kutoka Afrika Kusini, na baadaye yale ya Mui. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni yake, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Huku Kitui, mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka China ilipewa vitalu C na D vya Mui, na mkataba wa kugawana faida ukatiwa sahihi Desemba 2013. Miaka zaidi ya kumi ikapita bila mgodi kufunguliwa, huku familia zikiuliza kama zijenge nyumba ya matofali au zingoje. Wananchi walishtaki, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa ombi lao. Hata hivyo hukumu hiyo ya watu wa Mui imetajwa mara nyingi katika kesi nyingine, kwa kuwa ilieleza kushirikisha umma ni nini: watu wapewe habari za kutosha, nafasi iwe ya kweli na si ya kuonyesha tu, na wanaoguswa zaidi wasikizwe zaidi. Tulishindwa kesi lakini tukapata kipimo. Makueni nako wamezoea mabaraza ya kupanga miradi tangu vijijini, kwa hiyo kipimo hicho si kigeni kwao.

Desturi hii ilitoka wapi?

Wazee watakumbuka Tume ya Ndegwa. Mwaka 1971 tume hiyo, chini ya Duncan Ndegwa aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilipendekeza wafanyakazi wa serikali waruhusiwe kuwa na biashara zao, na serikali ikakubali. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ilikuja 2003, miaka 32 baadaye. Katikati ya hapo tulijengewa bwawa la Turkwel, lililoanza kutoa stima mwaka 1991. Kandarasi ilikwenda kwa kampuni ya Kifaransa bila tenda ya ushindani. Mwaka 1986 afisa wa Jumuiya ya Ulaya hapa Nairobi aliandika kwa siri kwamba bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya haki, na kwamba wakubwa waliikubali kwa faida yao wenyewe. Waraka ulivuja, ukasomwa dunia nzima, na bwawa likajengwa vilevile.

Mheshimiwa kuwa na hisa si dhambi wala si kosa. Tatizo ni kuficha hisa na kuendelea kuketi pale bei, kibali au ardhi inapoamuliwa. Katiba, Kifungu cha 75, inamkataza kiongozi kuweka maslahi yake mbele ya kazi ya umma, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imemtaka atangaze maslahi hayo.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Kwanza jina. Ukishajua jina kamili la kampuni, mtu yeyote anaweza kuomba kwa Msajili wa Makampuni karatasi inayoitwa CR12. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na huombwa kwa eCitizen kwa ada ndogo. Kijana wa kikundi mwenye simu anaweza, au nendeni Huduma Centre. Mkikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, ombeni CR12 ya hiyo pia. Wakati mwingine njia inaishia ng'ambo au kwa wakili, na hapo mjue kuna swali la kuuliza barazani mbele ya watu.

Pili, kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa mwekezaji ukubaliwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Sahihi ya chifu na wazee watatu chini ya mwembe haitoshi. Kama shamba ni lako mwenyewe, usitie kidole katika karatasi ya kukodisha kabla mtu mwingine hajakusomea yote, hata miaka ya mkataba na nani anaweza kuuziwa mkataba huo baadaye.

Tatu, barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, bila kueleza sababu. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa wa ofisi hiyo. Jibu litoke ndani ya siku 21. Lisipotoka, lalamikeni kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ofisi ya Ombudsman.

Maswali ya kujadili: Katika kata yetu, ni nani amenunua ardhi mlimani siku hizi, na alijuaje? Mwakilishi wetu wa wadi akitetea kampuni, tumewahi kumuuliza barazani kama ana hisa? Katika kikundi chetu, nani anatuuzia vitu, na ni ndugu ya nani?

Mkikubaliana, andikeni hivi, mkibadilisha panapohitajika:

Kwa Afisa wa Habari, Wizara ya Nishati. Sisi wanakikundi wa (jina, kata, kaunti) tunaomba, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: (a) orodha ya kampuni zilizoomba au kupewa kibali cha kupima upepo au kujenga mtambo katika kata yetu, (b) tarehe ya kila ombi na mahali palipotajwa, (c) nakala ya tangazo lolote la maslahi lililotolewa na afisa aliyeshughulikia maombi hayo. Tunaomba jibu kwa Kiswahili kupitia anwani iliyo hapo juu. Tarehe. Sahihi za Mwenyekiti, Katibu na wanakikundi wawili.

Wekeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na katibu aanze kuhesabu siku.